Kuchepusha damu ya ini kwa wagonjwa wa sirosisi: ulinganisho wa njia zake kwa kigezo cha umetaboli

Mgonjwa wa sirosisi, yaani mwenye ini lililojaa makovu, anapotapika damu kwa mara ya pili, ilhali alikwisha kufungwa mishipa ya umio kwa endoskopi (kamera inayopitishwa kooni) na anameza dawa zake ipasavyo, madaktari huanza kuzungumzia mchepuko, yaani njia mpya inayoikwepesha damu ya utumbo isipite kwenye ini bali imwagike moja kwa moja katika mzunguko mkuu wa mwili. Ipo michepuko ya aina kadhaa, na karibu yote, ikifanywa na mikono yenye uzoefu, huzuia kutoka damu kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa sababu hiyo, anayeuliza tu ni upi unaozuia damu vizuri zaidi hatapata jibu la kumsaidia kuchagua. Swali lenye uzito ni jingine: baada ya mchepuko kuwekwa, ni kiasi gani cha damu ya utumbo kitaendelea kulifikia ini, na mwili utagharimika vipi kwa kile ambacho hakikulifikia? Ulinganisho huu unafuata swali hilo, ambalo ni la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyobadilisha na kutumia vitu vilivyomo katika damu, kwa ajili ya familia zinazotakiwa kutoa ridhaa na kwa wahudumu wa afya wanaowapokea wagonjwa hawa wanaporudi nyumbani.

Vena porta ndiyo mshipa unaokusanya damu kutoka tumbo, utumbo, kongosho na wengu na kuipeleka kwenye ini. Takriban robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini hupitia huko, na iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Kwa mtu mwenye afya, tofauti ya shinikizo kati ya vena porta na vena zinazotoka kwenye ini huwa kati ya milimita 1 na 5 za zebaki. Makovu ya sirosisi yanapobana vijia vya damu ndani ya ini, tofauti hiyo hupanda. Ikifika 10 madhara huanza kujitokeza, na ikifika 12 au zaidi mishipa iliyovimba ya umio na tumbo huwa katika hatari ya kupasuka. Lengo la kila mchepuko ni kuiteremsha tofauti hiyo, na gharama ya kila mchepuko hutokana na kitendo hichohicho.

Kinachotokea ini linapokwepwa

Gharama hiyo ilijulikana mapema sana. Mwaka 1877, huko Saint Petersburg, daktari Nikolai Eck aliunganisha vena porta ya mbwa na vena kuu ya chini ya mwili, naye akaamini kwamba njia hiyo ingeweza kuwafaa binadamu. Mwaka 1893, katika mji huohuo, Ivan Pavlov na wenzake walieleza yaliyowapata mbwa waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo: walipolishwa nyama walibadilika tabia, wakayumba, wakapata degedege na kuzirai. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1954, Sheila Sherlock na wenzake jijini London walieleza hali inayolingana na hiyo kwa wagonjwa wa ini, nayo ndiyo tunayoiita leo ensefalopathi ya ini.

Mhusika mkuu ni amonia. Bakteria wa utumbo mpana huitengeneza wanapovunja protini na urea, na seli za ukuta wa utumbo mwembamba nazo huitoa zinapotumia glutamini, aina ya asidi amino, kama nishati. Katika hali ya kawaida ini huikamata karibu yote katika mpito wa kwanza na kuigeuza urea ambayo figo huitoa kwa mkojo. Damu ikichepushwa, amonia hiyo hufika kwenye ubongo, ambako seli ziitwazo astrosaiti hujaribu kuipunguza kwa kuigeuza glutamini, na glutamini ikirundikana ndani yake huvuta maji na kuzivimbisha. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku, mwandiko wake huharibika, husahau mambo ya jana, na akiambiwa anyooshe mikono mbele huku viganja vimekunjwa kuelekea juu, viganja huanguka na kuinuka kwa mipapatiko isiyo na mpangilio. Hali ikizidi huzirai kabisa.

Lipo jambo ambalo ningependa kila familia ilielewe kabla ya kusikia habari za stenti (kibomba cha nyavu kinachoshikilia njia ya damu iwe wazi) au kisu: ini likishindwa kazi hiyo, misuli hulisaidia. Misuli ya mikono, mapaja na mgongo huchukua amonia na kuifunga katika glutamini, kwa hiyo mgonjwa aliyekonda sana, ambaye mapaja yake yamekwisha na mifupa ya kipaji imejitokeza, huingia kwenye mchepuko akiwa amekwisha kupoteza kinga yake ya pili. Tafiti za wagonjwa waliowekewa mchepuko zimeonyesha kwamba waliopungukiwa na misuli hupata ensefalopathi mara nyingi zaidi. Kipimo cha mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya fundi hakigharimu chochote, na mimi hukiona kuwa na maana kama vipimo vingi vya damu vinavyolipiwa.

Badiliko la pili linahusu insulini. Kongosho huimwaga insulini katika damu inayokwenda kwenye vena porta, na ini huondoa takriban nusu yake kabla haijaufikia mwili mzima. Baada ya mchepuko, ini hupata kidogo mno na mwili hupata nyingi kupita kiasi. Kiwango cha insulini katika damu ya kawaida hupanda, glukagoni, homoni inayopandisha sukari, nayo hupanda, na misuli huzoea wingi huo kiasi cha kutoitii tena insulini. Matokeo yake ni sukari inayopaa baada ya chakula hata pale inapokuwa ya kawaida asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha sukari cha asubuhi pekee kinaweza kumpotosha daktari, na kipimo cha wastani wa miezi mitatu nacho si cha kutegemewa sana kwa mgonjwa mwenye wengu uliovimba, kwa kuwa chembe zake nyekundu huharibiwa kabla ya wakati.

Insulini si ya sukari tu. Mpasuaji wa Marekani Thomas Starzl na wenzake, katika majaribio yao ya wanyama, walionyesha kwamba damu itokayo kwenye kongosho hubeba kinachozifanya seli za ini ziendelee kuwa nene na kujizalisha, na kwamba insulini ndiyo sehemu kuu ya kinga hiyo. Ini linalonyimwa damu hiyo hunywea hata kama ateri inalipelekea oksijeni ya kutosha. Kwa mgonjwa wa sirosisi, ambaye ini lake halina akiba, kunywea huko ndiko kunakoeleza kwa nini baadhi ya waliookolewa kutoka kwenye damu walifariki baadaye kwa ini kushindwa kazi.

Badiliko la tatu ni la asidi amino. Zile zenye minyororo yenye matawi, yaani lusini, isolusini na valini, hutumiwa na misuli, na hupungua kwenye damu. Zile zenye pete, kama fenilalanini na tirosini, huondolewa na ini, na huongezeka. Uwiano kati ya makundi hayo, ambao kwa mtu mwenye afya huwa takriban 3 hadi 3.5, unaweza kushuka chini ya 1.5 kwa mgonjwa wa hali mbaya, na mchepuko huusukuma chini zaidi.

Mengine nitayagusa kwa ufupi. Manganisi, madini yanayotokana na chakula, ambayo ini lingeyatoa kwa nyongo, hurundikana katika viini vya ndani vya ubongo na huonekana kwenye picha ya MRI. Chumvi za nyongo huongezeka katika damu ya mwili mzima. Lehemu (kolesteroli) hushuka, kwa sababu ini linanyimwa malighafi na vichocheo vya kuitengeneza. Mwaka 1973 Starzl alilitumia badiliko hilo makusudi, akamfanyia upasuaji wa mchepuko msichana mwenye lehemu nyingi ya kurithi. Mgonjwa wa sirosisi anayeshangilia kwamba lehemu yake imeshuka baada ya upasuaji aelezwe kwa upole kwamba hiyo si dalili ya afya. Na dawa ambazo kwa kawaida ini huziondoa kwa wingi katika mpito wa kwanza, kama propranololi na mofini, huingia mwilini kwa kiwango kikubwa zaidi zikimezwa kwa dozi ileile.

Mchepuko kamili

Mwaka 1945 Allen Whipple wa New York aliiingiza michepuko katika tiba ya binadamu kwa upana. Katika aina iliyokuwa kuu, vena porta hukatwa na kushonwa moja kwa moja kwenye vena kuu ya chini, au huunganishwa nayo ubavu kwa ubavu kwa tundu pana. Katika aina ya kwanza, hakuna tone la damu ya utumbo linalofika kwenye ini kupitia vena porta. Katika ya pili, shinikizo likishuka sana, vena porta inaweza hata kuanza kutoa damu kwenye ini badala ya kuingiza. Mabadiliko yote niliyoyataja hapo juu hujitokeza kwa ukamilifu wake hapa.

Matokeo ya majaribio ya zamani yanajieleza. Wagonjwa waliokuwa na mishipa iliyovimba lakini hawajawahi kutoka damu, waliofanyiwa upasuaji huo huko Marekani kama kinga, walitoka damu mara chache kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa, lakini hawakuishi muda mrefu zaidi. Vifo vilihama tu kutoka kwenye damu kwenda kwenye ini kushindwa kazi, na ensefalopathi ikaongezeka. Fundisho hilo lingali hai: mgonjwa ambaye hajawahi kutoka damu hapaswi kuwekewa mchepuko kama kinga. Kasoro nyingine ni kwamba upasuaji huu huliacha eneo la mlango wa ini likiwa na makovu, jambo linalomtatiza daktari wa upandikizaji baadaye. Una faida moja halisi, nayo ni kwamba ule wa ubavu kwa ubavu huondoa pia maji tumboni, kwa kuwa hushusha shinikizo ndani ya ini lenyewe. Lakini faida hiyo leo hupatikana kwa njia isiyohitaji kupasua tumbo, na kwa hiyo sioni mgonjwa wa sirosisi ambaye mchepuko kamili ungekuwa chaguo lake la kwanza.

Mchepuko wa wengu na figo, na ule wa kipenyo kidogo

Dean Warren na wenzake wa Miami walipendekeza mwaka 1967 njia ya kuchagua sehemu ya kuchepusha. Vena ya wengu hukatwa karibu na inapoungana na vena porta, na upande wake unaotoka kwenye wengu hushonwa kwenye vena ya figo ya kushoto. Damu ya umio na sehemu ya juu ya tumbo hupita kwenye wengu na kushuka kwenye vena ya figo, lakini damu ya utumbo huendelea kwenda kwenye ini kwa shinikizo lake la juu. Kwa umetaboli, hili ni wazo zuri sana: amonia ya utumbo inaendelea kukutana na ini, na katika miezi ya mwanzo wagonjwa wengi huonekana kuwa na akili timamu kuliko waliofanyiwa mchepuko kamili.

Tatizo huja polepole, na lina mahali pake mahususi. Vena ndogo za kongosho hufunguka katika vena ya wengu. Kadiri muda unavyokwenda, vijia hivyo hupanuka na kuivuta damu ya vena porta, kupitia kongosho, kuelekea upande wenye shinikizo dogo. Damu yenye insulini nyingi kuliko yote ndiyo inayolikimbia ini kwanza. Kwa watu ambao sirosisi yao imetokana na pombe, upotevu huu umeonekana kuwa wa haraka zaidi. Warren mwenyewe na wapasuaji wa Japani waliongeza hatua ya kuitenganisha vena ya wengu na kongosho kwa urefu wake wote, kazi ndefu na ngumu ya kufunga vijia vingi vyembamba kimoja baada ya kingine, na ikifanywa vizuri mtiririko kwenye ini hudumu zaidi. Familia inayoambiwa kuhusu upasuaji huu ina haki ya kuuliza kama utenganishaji huo utafanyika na kama mpasuaji anaufanya mara kwa mara.

Njia hii haimfai mwenye maji mengi tumboni yasiyokubali dawa, kwa kuwa shinikizo ndani ya ini halishuki na njia za limfu nyuma ya kongosho hukatwa, hivyo maji yanaweza kuongezeka. Kwa upande mwingine, haigusi mlango wa ini, na inauacha wazi mlango wa upandikizaji.

Ipo njia ya kati, iliyoendelezwa na James Sarfeh wa California katika miaka ya 1980: bomba la bandia la kipenyo cha milimita 8 huwekwa kati ya vena porta na vena kuu ya chini, na vena za pembeni hufungwa. Bomba jembamba hushusha shinikizo kiasi cha kuzuia damu, lakini huacha kiasi cha kutosha kusukuma damu ya utumbo iendelee kuingia kwenye ini kwa wagonjwa wengi. Yeye na wenzake walipolilinganisha na bomba la milimita 16, kuzuia damu kulifanana ila ensefalopathi ilikuwa chache zaidi kwa waliopata bomba jembamba. Hesabu ya milimita chache ndiyo iliyoamua hatima ya ubongo, na jambo hilo linarudi tena katika njia inayofuata.

Mchepuko wa ndani ya ini kwa stenti

Josef Rösch alilijaribu wazo hili kwa wanyama huko Marekani mwaka 1969, na mwaka 1988 timu ya Freiburg, Ujerumani, ikaweka stenti ya kwanza ya namna hii kwa binadamu. Daktari wa picha huingia kwa sindano kwenye vena ya shingo, hushuka mpaka vena ya ini, hutoboa tishu ya ini hadi kwenye tawi la vena porta, kisha hupanua njia hiyo na kuishikilia kwa stenti. Tumbo halipasuliwi, na mgonjwa ambaye asingehimili upasuaji mkubwa anaweza kuhimili hili. Lakini kwa lugha ya mtiririko wa damu, huu ni mchepuko wa ubavu kwa ubavu, na umetaboli hautambui kama ulitengenezwa kwa kisu au kwa sindano. Amonia hupanda, insulini hupanda, na dalili za ensefalopathi huwapata takriban theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa katika mwaka wa kwanza.

Jaribio lililolinganisha njia hii na mchepuko wa wengu na figo, lililochapishwa na Henderson na wenzake mwaka 2006, liliwahusisha wagonjwa 140 wa makundi A na B ya Child, kipimo kinachoupanga ukali wa sirosisi kwa alama kuanzia A, iliyo nafuu, hadi C, iliyo mbaya zaidi. Kutoka damu tena kulikuwa asilimia 5.5 kwa upasuaji na asilimia 10.5 kwa stenti, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa ya kutegemewa. Ensefalopathi iliwapata nusu ya wagonjwa katika kila upande. Na uhai wa miaka 5 ulikuwa asilimia 62 na 61. Pale zilipoachana kabisa ni kwenye marekebisho: asilimia 11 tu ya waliofanyiwa upasuaji walihitaji kurudiwa, dhidi ya asilimia 82 ya waliowekewa stenti. Hizo zilikuwa stenti za nyavu tupu, ambazo huziba kwa urahisi. Za leo, zilizofunikwa kwa utando, hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi, na kwa hiyo takwimu ya marekebisho isichukuliwe kuwa ya sasa. Ile ya ensefalopathi ndiyo iliyobaki na uzito wake.

Stenti ina faida za umetaboli ambazo hazitajwi vya kutosha. Kwa mgonjwa mwenye maji tumboni yasiyosikia dawa, figo huanza kutoa chumvi katika wiki zinazofuata, maji hupungua, hamu ya kula hurudi, na katika miezi kadhaa misuli huongezeka kwa wengi. Huyu ni mtu aliyekuwa akitolewa maji kila baada ya muda mfupi na kupoteza protini pamoja nayo, na sasa anakula sahani nzima. Misuli ikirudi, kinga dhidi ya amonia nayo inarudi kwa kiasi fulani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona stenti kuwa hasara tupu kwa umetaboli: kwa mwenye maji ya kudumu na ini ambalo bado lina akiba kiasi, hesabu inaweza kumwendea vizuri.

Mambo matatu hupunguza gharama. La kwanza ni kipenyo: stenti ya milimita 8 huleta ensefalopathi chache kuliko ya milimita 10, na wengi sasa huanza na ndogo, wakiipanua baadaye ikilazimu. La pili ni kinga ya dawa: katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2021, waliopewa rifaksimini, kiuavijasumu kinachofanya kazi utumboni, kuanzia wiki mbili kabla ya stenti walipata ensefalopathi kwa asilimia 34, dhidi ya asilimia 53 ya waliopewa dawa tupu isiyo na kitu. La tatu ni kuchagua mgonjwa. Mwenye bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa) iliyopanda sana, mwenye moyo uliochoka, mwenye shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, au aliyekwisha kuchanganyikiwa mara kadhaa bila sababu ya wazi, hafai. Kipimo cha alama kiitwacho MELD, kinachotumiwa katika nchi nyingi kupanga foleni ya upandikizaji, kilibuniwa kwanza mwaka 2000 kwa ajili ya kutabiri nani angefariki baada ya kuwekewa stenti hii. Asili hiyo peke yake yatosha kuonyesha uzito wa uchaguzi.

Kutochepusha kabisa

Dawa za kundi la propranololi na karvediloli, pamoja na kufunga mishipa ya umio kwa mipira midogo kupitia endoskopi, haziigusi njia ya damu ya utumbo. Amonia haiongezeki kwa sababu yake, ini halinywei kwa sababu yake. Kwa wagonjwa wengi wa sirosisi waliotoka damu mara moja, huko ndiko kwa kuanzia, na mchepuko hubaki kuwa hatua ya waliotoka damu licha ya tiba hiyo. Kundi moja limetengwa: mwenye alama 10 hadi 13 za Child, au mwenye kundi B anayeonekana bado anavuja damu wakati wa endoskopi, ambaye jaribio la Ulaya la mwaka 2010 lilionyesha kuwa hufaidika akiwekewa stenti iliyofunikwa ndani ya saa 72, kabla hajatoka damu tena.

Hapa lazima nitenge nafasi kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert, kwa kuwa wengi wanaotapika damu huko hawana sirosisi. Kichocho cha utumbo huacha makovu kuzunguka matawi ya vena porta huku seli za ini zikibaki nzima. Ini lao bado linaigeuza amonia vizuri, na kulinyima damu ya utumbo ni kuharibu kilicho kizima. Jaribio la São Paulo, lililowagawa wagonjwa wa kichocho kati ya michepuko miwili ya wengu na figo na upasuaji wa kuondoa wengu pamoja na kufunga mishipa ya tumbo na umio bila kuchepusha, lilikuta ensefalopathi nyingi zaidi kwenye mchepuko ambao wengu huondolewa na vena yake kuelekezwa kwenye figo, na wapasuaji wa huko wakaelekea kwenye njia ya bila mchepuko. Upasuaji unaofanana nao ulikuwa umependekezwa na Hassab huko Misri mwaka 1967, kwa wagonjwa wa ugonjwa huohuo. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mchepuko wowote katika eneo letu, ni lazima ijulikane kwanza kama tatizo ni sirosisi, iliyotokana na homa ya ini B, C au pombe, ama ni kichocho. Ultrasaundi ya mtaalamu anayeifahamu picha ya makovu ya kichocho husaidia sana.

Nani achague nini

Mgonjwa wa kundi A la Child, asiye na maji tumboni, anayetoka damu licha ya endoskopi na dawa, na anayeishi mbali na hospitali yenye mashine za picha za mishipa, anastahili kufikiriwa kwa mchepuko wa wengu na figo, alimradi yupo mpasuaji mwenye uzoefu nao. Hatahitaji kurudi mara kwa mara kuangaliwa stenti, na ini lake litaendelea kupata damu ya utumbo angalau kwa miaka ya mwanzo. Akiwa ni mnywaji ambaye hajaacha, faida hiyo hupungua mno.

Mgonjwa wa kundi B, au mwenye maji yasiyokubali dawa, au anayesubiri ini la kupandikizwa, kwa maoni yangu apewe stenti, nyembamba kadiri shinikizo linavyoruhusu, na isizidi kurefuka ndani ya vena porta, ili isimzuie mpasuaji wa upandikizaji. Lengo la kawaida baada ya kutoka damu ni kushusha tofauti ya shinikizo chini ya 12, au kwa nusu ya ilivyokuwa. Kwenda chini mno kuliko hapo ni kununua ensefalopathi bila sababu. Mgonjwa wa kundi C mwenye alama zaidi ya 13 hana mchepuko unaomfaa kiumetaboli. Kwake mazungumzo ya kweli ni upandikizaji au matunzo ya kumpunguzia mateso, na familia iambiwe hivyo waziwazi.

Ama bomba la milimita 8 la upasuaji, hilo lina nafasi pale ambapo stenti haipatikani au imeziba mara nyingi, na ini lingali imara.

Maisha baada ya mchepuko

Kosa linalowaumiza wagonjwa wengi ni kukatazwa protini. Ushauri wa zamani wa kuwanyima nyama na maharage umeachwa, kwa sababu uliwamaliza misuli, yaani uliwanyang'anya kile kinachowasaidia kuondoa amonia. Mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini kwa siku. Yai lina takriban gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa takriban 15. Protini za mimea na maziwa huvumiliwa vizuri kuliko nyama nyekundu, na nyuzi za maharage, kunde na mboga husaidia choo kutoka mapema, jambo linalopunguza amonia. Samaki na dagaa haviachwi, ila vigawanywe katika milo kadhaa badala ya kuliwa kwa mkupuo mmoja jioni.

Usiku nao una hatari yake. Mgonjwa wa sirosisi akilala bila kula, mwili wake kufikia asubuhi huwa umeanza kujila kama wa mtu mwenye afya aliyefunga siku mbili au tatu, kwa kuwa ini halina akiba ya wanga. Bakuli la uji mzito wa maziwa au viazi vitamu vilivyochemshwa kabla ya kulala hulinda misuli. Mgonjwa Mwislamu anayekusudia kufunga Ramadhani baada ya mchepuko azungumze na daktari wake mapema, kwani saa nyingi bila chakula zinagusa moja kwa moja hasara hii.

Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, hupimwa kwa matokeo: choo laini mara mbili au tatu kwa siku, si zaidi, maana kuharisha hupunguza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka figo nazo huzalisha amonia. Dawa za usingizi zikatazwe kabisa. Dozi ya propranololi, ya dawa za maumivu na ya dawa za kisukari iangaliwe upya mara tu mchepuko unapoanza kufanya kazi, na sukari ipimwe saa mbili baada ya chakula, siyo asubuhi tu. Mgonjwa aandike jina lake kila jioni katika daftari moja, mstari chini ya mstari, na anayemtunza atazame mwandiko: herufi zikianza kupanda na kushuka, au akianza kulala mchana, jambo la kwanza ni kuuliza choo kilitoka lini, la pili ni kutafuta homa na choo cheusi, na la tatu ni kumpeleka hospitali siku hiyohiyo akiwa na karatasi inayotaja aina ya mchepuko wake na kipenyo chake, kwa kuwa stenti inaweza kupunguzwa upana ensefalopathi isipotulia kwa dawa.